Fukusi, Dumuzi na Jamaa Zao: Uainishaji wa Mbawakawa Wadogo wa Nafaka na Tatizo la Istilahi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mbawakawa wadogo waharibifu wa nafaka wanavyobainishwa katika mifumo miwili: uainishaji wa wazungumzaji wa Kiswahili na uainishaji wa kisayansi. Inaelezwa kwamba mfumo wa kwanza umejengwa juu ya tendo la mdudu na athari yake, ilhali wa pili umejengwa juu ya umbo lake. Kwa kutumia dhana ya ukinzani kutoka fonolojia, makala yanaonyesha kwamba si kila tofauti ya umbo ina uzito uleule katika kutenganisha spishi, na kwamba uundaji wa istilahi unapaswa kuzingatia jambo hilo. Mfano mkuu ni dumuzi, Prostephanus truncatus, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika. Mwishoni panapendekezwa kanuni ya kuamua istilahi za Kiswahili zishuke hadi ngazi gani ya uainishaji.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la mbinu: je, neno litoholewe, litafsiriwe, au liundwe kwa kunyambulisha mzizi uliopo? Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mbinu hizo zimejadiliwa kwa kina. Jambo ambalo halikupata nafasi ya kutosha ni swali linalotangulia mbinu, yaani: ni vitu vingapi vinavyohitaji jina? Istilahi haiwezi kuwa bora kuliko mgawanyo wa vitu ambao imekusudiwa kuutaja. Mgawanyo ukiwa na kasoro, hata neno lililoundwa kwa ustadi mkubwa litapotosha.

Swali hilo linajitokeza waziwazi katika eneo la mbawakawa. Oda ya Coleoptera, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mabawa yaliyo kama ala, ina zaidi ya spishi 350,000 zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi. Hakuna lugha ya kawaida yenye majina ya spishi zote hizo, wala hakuna inayoyahitaji. Hata hivyo, ndani ya oda hiyo kuna kundi dogo la wadudu wenye urefu wa milimita mbili hadi tano ambao huishi ghalani, katika vihenge na katika magunia ya wazungumzaji wa Kiswahili. Wadudu hao hufanana sana kwa macho. Kwa upande mwingine, namna wanavyoharibu chakula, na namna wanavyodhibitiwa, hutofautiana. Kwa hiyo, kosa la kumpa mmoja jina la mwingine si kosa la kamusi peke yake. Linaweza kumgharimu mkulima akiba yake ya mwaka.

Makala yana sehemu tano zaidi. Sehemu ya 2.0 inaeleza mgawanyo uliomo katika Kiswahili chenyewe. Sehemu ya 3.0 inaeleza mgawanyo wa kisayansi. Sehemu ya 4.0 inalinganisha sifa za kibiolojia na sifa bainifu za fonolojia na kutoa ufunguo wa utambuzi. Sehemu ya 5.0 inajadili kisa cha dumuzi. Sehemu ya 6.0 inatoa mapendekezo, kisha hufuata hitimisho.

2.0 Mgawanyo uliomo katika Kiswahili

2.1 Kitenzi -bungua

Msamiati wa Kiswahili unaohusu uharibifu wa nafaka hauanzii kwenye nomino bali kwenye kitenzi. Kitenzi -bungua hutaja tendo la mdudu kutoboa na kula ndani ya punje, mbegu au mti. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hiki hutokea zaidi katika kauli ya kutendwa, kama inavyoonekana katika (1):

(1) (a) Mahindi yamebunguliwa.
(b) Tumepewa maharage yaliyobunguliwa.
(c) Mbao zile zimebunguliwa zote.

Sentensi hizi zote ni sahihi na zinaeleweka. Hata hivyo, hakuna hata moja inayomtaja mtenda. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtenda aachwe kabisa, na kwa kitenzi hiki kuachwa huko kumekuwa ndiyo kawaida. Jambo linalozungumziwa ni hali ya nafaka, wala si mdudu. Mnunuzi sokoni anataka kujua kama mahindi ni mazima au yamebunguliwa; kwake yeye, aliyeyabungua ni nani si hoja.

Mfumo huo unatosha maadamu dawa ni moja. Maadamu kila mdudu anayebungua huondolewa kwa njia ileile, yaani kuanika juani, kupepeta, kuchanganya majivu au kuning'iniza juu ya moshi wa jiko, lugha haina sababu ya kumtafuta mtenda. Mtenda huanza kuhitaji jina pale njia hizo zinapoacha kufanya kazi kwa usawa.

2.2 Nomino fukusi na dumuzi

Kiswahili kina nomino mbili zinazotumika sana kwa wadudu wa nafaka, yaani fukusi na dumuzi. Katika mazungumzo ya kila siku mipaka ya maneno haya hupishana: mzungumzaji mmoja humwita fukusi mdudu yuleyule ambaye mwenzake humwita dumuzi, na wa tatu hutosheka na kusema wadudu. Kwa istilahi za Berlin, Breedlove na Raven, ambao mwaka 1973 walitoa kanuni za jumla za uainishaji wa kijadi wa viumbe, maneno haya ni leksimu msingi: hayagawanyiki katika sehemu zenye maana, na kila moja hutaja kundi ambalo wazungumzaji hulichukulia kuwa aina moja. Leksimu changamano, yaani jina msingi likifuatwa na kipambanuzi, huwa hazizuki mpaka jamii ione haja ya kugawanya kundi hilo.

Sifa moja ya maneno haya inastahili kutiliwa mkazo. Neno kipapasio, ambalo hutumika kwa kiungo cha kichwani cha mdudu, hueleza kazi ya kiungo hicho, kwa kuwa msemaji huona ndani yake kitenzi -papasa. Fukusi na dumuzi si hivyo. Kwa mzungumzaji wa leo maneno haya hayaelezi rangi, umbo wala chakula cha mdudu. Wataalamu wengi wa istilahi huona kutoonyesha maana kuwa ni upungufu. Katika uainishaji, hata hivyo, ni faida. Neno lisilojieleza halipingani na maelezo yoyote ya kisayansi, na kwa hiyo linaweza kufinywa maana bila kuleta mgongano. Ingekuwa fukusi maana yake ni "mdudu wa mchele", kulitumia kwa mdudu anayekula mahindi kungeleta utata tangu mwanzo.

Kisarufi, majina haya hufuata upatanisho wa viumbe hai, yaani a-/wa-, hata pale umbo la wingi linapochukua kiambishi ma-. Kwa hiyo husemwa dumuzi ameingia, madumuzi wameingia. Upatanisho wa li-/ya- ukitumika, kama katika dumuzi hili, mdudu hukuzwa au hudharauliwa. Waandishi wa maandiko ya kitaalamu wanashauriwa kudumu na a-/wa-.

3.0 Mgawanyo wa kisayansi

3.1 Fukusi: jenasi Sitophilus

Wadudu wa jenasi Sitophilus hutambulika kwa kichwa kilichorefuka mbele kuwa kama mkonga mwembamba. Jike hutoboa punje kwa mkonga huo, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba. Buu huanguliwa, hula na hukua ndani ya punje. Nje hapaonekani dalili mpaka mdudu kamili atoke na kuacha tundu la duara.

Spishi tatu za jenasi hii zina umuhimu katika hifadhi ya nafaka. Sitophilus granarius, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, hana mabawa ya nyuma ya kurukia na huishi zaidi katika nchi za baridi. Sitophilus oryzae na Sitophilus zeamais huruka, hupenda joto, na kila mmoja ana madoa manne mekundu-kahawia juu ya mabawa yake magumu. Hawa wawili ndio waliopo kwa wingi Afrika Mashariki, na ndio walioleta mzozo.

Linnaeus alieleza oryzae mwaka 1763, naye Motschulsky akaeleza zeamais mwaka 1855. Hata hivyo, kwa miongo mingi walichukuliwa kuwa spishi moja yenye namna mbili, kubwa na ndogo. Mwaka 1928 Takahashi alitenga namna ndogo na kuipa jina jipya, Calandra sasakii. Mwaka 1959 Floyd na Newsom walilichambua upya kundi hili, na mwaka 1961 Kuschel akatatua suala la majina: namna ndogo ndiyo inayostahili jina oryzae, na namna kubwa ndiyo zeamais. Matokeo yake ni kwamba jina oryzae katika maandiko ya kabla ya hapo linaweza kumaanisha mdudu wowote kati ya hawa wawili. Msomaji wa leo anayekuta taarifa ya zamani kuhusu oryzae katika mahindi ya Afrika hana budi kujiuliza ni nani hasa aliyekusudiwa.

Kisa hiki kinaondoa dhana kwamba majina ya kisayansi hayayumbi na kwamba kuyumba ni tatizo la lugha za kawaida tu. Jenasi yenyewe iliitwa Calandra kabla ya kuitwa Sitophilus. Hali kadhalika, wadudu wa maharage na kunde ambao zamani walikuwa familia kamili, Bruchidae, leo huwekwa kuwa familia ndogo ndani ya Chrysomelidae. Jina la kisayansi ni thabiti kwa sababu lina utaratibu wa kurekebishwa, na si kwa sababu halibadiliki.

3.2 Dumuzi: familia Bostrichidae

Wadudu wa familia hii wana mwili wa umbo la mcheduara. Pronoto, yaani bamba la mgongoni la sehemu ya kwanza ya kidari, limefunika kichwa kama kofia, hata kichwa hakionekani mtu anapomtazama mdudu kutoka juu. Wengi wao ni watoboaji wa mbao. Wawili wamehamia kwenye nafaka: Rhyzopertha dominica, mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu, na Prostephanus truncatus, mwenye urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu.

Tofauti iliyo wazi kabisa kati yao iko mwishoni mwa mabawa magumu. Kwa Rhyzopertha sehemu hiyo imeviringika na kuteremka polepole. Kwa Prostephanus imekatika ghafla kwa mteremko mkali ulio bapa, na kando yake kuna kingo zilizopinda. Jina truncatus, lililotolewa na Horn mwaka 1878, lina maana hiyo hasa ya kukatwa. Jamaa yao wa karibu, jenasi Dinoderus, ambayo baadhi ya spishi zake hutoboa mianzi, hubainika kwa vibonyeo viwili katika sehemu ya nyuma ya pronoto.

Kwa tabia pia hawa wawili si sawa. Rhyzopertha hutaga mayai yake nje, katikati ya punje. Prostephanus jike hutoboa njia ndani ya punje na hutaga katika vijitundu vya kando ya njia hiyo. Mdudu huyu hupenda mahindi yaliyo bado katika magunzi, hushambulia hata shambani kabla ya mavuno, na hula pia mihogo mikavu. Alama yake ni unga mwingi anaouacha anapotoboa.

3.3 Mbawakawa wa unga: jenasi Tribolium

Jenasi hii ina spishi mbili zilizoenea duniani, Tribolium castaneum na Tribolium confusum. Wote ni bapa, wekundu-kahawia, wenye urefu wa milimita tatu hadi nne. Hawawezi kuanza kuishambulia punje nzima isiyo na jeraha. Hula unga, chenga na punje ambazo wengine wamekwisha kuzitoboa. Kwa hiyo kuonekana kwao ghalani mara nyingi ni ushahidi kwamba mharibifu mwingine amewatangulia.

Jina confusum lina somo kwa mwanaisimu. Limetolewa kwa sababu mdudu huyu alikuwa akichanganywa na castaneum. Ni jina lisiloeleza rangi ya mdudu, chakula chake wala nchi yake, bali kosa la watazamaji wake. Tofauti zenyewe zipo: kwa castaneum pingili tatu za mwisho za kipapasio hupanuka ghafla na kuwa rungu, ilhali kwa confusum kipapasio hupanuka kidogo kidogo, na kichwa kikitazamwa kutoka chini, macho ya castaneum yamekaribiana zaidi kuliko ya confusum.

4.0 Sifa bainifu na aina za ukinzani

Katika kitabu chake cha mwaka 1939, Trubetzkoy alitofautisha aina kadhaa za ukinzani baina ya fonimu. Mbili kati yake zinafaa hapa. Ya kwanza ni ukinzani wa kuwapo na kutokuwapo, ambapo kipashio kimoja kina alama fulani na kingine hakina. Ya pili ni ukinzani wa kadiri, ambapo vipashio vyote vina sifa ileile lakini kwa viwango mbalimbali.

Sifa za mbawakawa hugawanyika vivyo hivyo. Mkonga upo au haupo. Kichwa kimefunikwa au hakikufunikwa. Madoa yapo au hayapo. Hizi ni sifa za aina ya kwanza, na mtu asiye na mafunzo anaweza kuziona kwa kioo cha kukuza mara kumi. Ukubwa wa mwili na weusi wa rangi, kwa upande mwingine, ni sifa za kadiri. S. zeamais kwa kawaida ni mkubwa kuliko S. oryzae, lakini vipimo vyao hupishana, kwani ukubwa wa mdudu hutegemea pia ukubwa wa punje alimokulia. Anayewatenganisha kwa ukubwa anafanana na mtafiti wa fonolojia anayetaka kutenganisha fonimu mbili kwa kupima urefu wa sauti bila kuangalia mazingira yake. Tofauti ya uhakika iko ndani: kiungo cha uzazi cha dume la oryzae ni laini upande wa juu, ilhali cha zeamais kina mifereji miwili ya urefu. Spishi hizi mbili zinakaribia kuwa mfano wa jozi ya mlinganuo finyu, kwani karibu kila kitu ni sawa isipokuwa sifa moja iliyofichika.

Kutokana na maelezo hayo, ufunguo ufuatao unatenganisha spishi saba zilizojadiliwa, na hizo peke yake:

(2) 1. Kichwa kina mkonga: nenda 2. Kichwa hakina mkonga: nenda 4.
2. Mabawa magumu hayana madoa. Vishimo vya pronoto ni virefu: S. granarius. Mabawa yana madoa manne. Vishimo vya pronoto ni vya mviringo: nenda 3.
3. Kiungo cha dume ni laini juu: S. oryzae. Kina mifereji miwili: S. zeamais.
4. Kichwa kimefunikwa na pronoto. Mwili ni mcheduara: nenda 5. Kichwa kinaonekana kutoka juu; mwili ni bapa: nenda 6.
5. Mwisho wa mabawa umekatika ghafla: P. truncatus. Mwisho wa mabawa umeviringika: R. dominica.
6. Kipapasio kina rungu la ghafla la pingili tatu: T. castaneum. Kipapasio hupanuka polepole: T. confusum.

Inafaa kuzingatia kwamba ufunguo huu umeandikwa kwa Kiswahili bila kukwama. Istilahi za kisayansi zisizokuwa na asili katika lugha ya kila siku ni chache mno. Kilichobaki ni mkonga, doa, kishimo, rungu, mfereji na pingili, maneno ambayo kila mzungumzaji anayo. Ugumu haumo katika kuyataja maumbo bali katika kuyataja makundi.

5.0 Kisa cha dumuzi

Asili ya Prostephanus truncatus ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana mkoani Tabora kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na taarifa za kitaalamu juu yake zikatolewa mwaka 1981. Mwaka 1983 alipatikana Taveta, Kenya, na mwaka 1984 akapatikana Togo, upande wa pili wa bara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kuhusu Tanzania ulionyesha kwamba katika baadhi ya ghala za wakulima upotevu wa uzito wa mahindi ulifikia asilimia 34 kwa miezi mitatu tu ya kuhifadhi.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni majina. Wakulima walimwita mdudu huyu Scania, kwa jina la aina ya malori makubwa. Miaka mingi baadaye, baada ya 2001, baadhi ya wakulima wa Kenya walimwita Osama. Majina haya yanaweza kuonekana kuwa mzaha, lakini yana ushahidi ndani yake. Jamii haitafuti jina jipya kwa kitu inachokiona kuwa kilekile cha zamani. Kuzuka kwa jina Scania kunaonyesha kwamba wakulima walibaini kuwa mgeni huyu si fukusi, na walimbaini kwa kigezo chao cha kawaida, yaani athari: wingi wa unga, kasi ya uharibifu na kushindwa kwa njia walizozizoea. Umbo la mwisho wa mabawa halikuhusika. Mfumo wa kijadi na mfumo wa kisayansi ulifikia mgawanyo mmoja kwa njia mbili tofauti.

Jina dumuzi ndilo lililoshika katika maandiko ya ugani. Hapa neno la zamani lililokuwa na maana pana lilifinywa likawa jina la spishi moja. Ufinyu huo ulileta faida kubwa, lakini pia uliacha wazungumzaji wa aina mbili: wale ambao kwao dumuzi ni Prostephanus peke yake, na wale ambao kwao dumuzi bado ni mdudu yeyote anayebungua.

Madhara ya tofauti hiyo yanaonekana katika viuadudu. Sitophilus hudhibitiwa vizuri na dawa za kundi la oganofosfeti, ambazo Prostephanus huzistahimili. Prostephanus hudhibitiwa vizuri na pairethroidi, yaani viuadudu vilivyoundwa kwa kuiga sumu ya pareto, ambavyo havimdhibiti Sitophilus kwa kiwango hicho. Kwa sababu hiyo wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na vumbi lenye dawa zote mbili, pirimifosi-methili asilimia 1.6 na pemethrini asilimia 0.3. Sasa na ichukuliwe lebo yenye maneno "Dawa ya fukusi na wadudu wengine wa nafaka" juu ya kiuadudu cha oganofosfeti pekee. Kwa mzungumzaji asiyetenganisha fukusi na dumuzi, lebo hiyo inaahidi jambo ambalo dawa haiwezi kulitimiza. Atanyunyizia kwa uaminifu, atafunga kihenge, na baada ya miezi mitatu atakuta unga. Hapatakuwa na udanganyifu wa mtu yeyote. Patakuwa na neno moja lililobeba maana mbili.

Tatizo lina upande wa pili. Katika kumdhibiti dumuzi, mbawakawa mwingine mdogo kutoka Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens wa familia ya Histeridae, aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, kwa kuwa huwala dumuzi na mabuu wao. Naye ni mdogo, mweusi-kahawia, na hukaa palepale dumuzi alipo. Katika lugha ambayo mdudu yeyote wa ghalani ni mharibifu, rafiki huyu hana jina wala utetezi. Mkulima anayemwona hana sababu ya kumwacha hai.

6.0 Mapendekezo

Kanuni inayopendekezwa ni hii: istilahi ya Kiswahili kwa matumizi ya umma ishuke katika ngazi za uainishaji mpaka pale ambapo tofauti ya kundi inaleta tofauti ya hatua ya kuchukuliwa, chini ya hapo litumike jina la kisayansi. Kanuni hii inaepusha makosa mawili yanayopingana, yaani kuacha wadudu tofauti chini ya jina moja, na kuzalisha majina ambayo hakuna atakayeyahitaji. Kwa kuifuata, yanapendekezwa yafuatayo:

(3) (a) Fukusi litengwe kwa jenasi Sitophilus. S. oryzae na S. zeamais waitwe kwa pamoja fukusi madoa, kwa kuwa hatua za kuwadhibiti ni zilezile. S. granarius aitwe fukusi bila madoa.
(b) Dumuzi litengwe kwa jamii ya Bostrichidae inayokula nafaka, na likitajwa bila kipambanuzi limaanishe P. truncatus.
(c) Pale ulinganisho unapohitajika, P. truncatus aitwe dumuzi mkato, na R. dominica aitwe dumuzi mviringo.
(d) Tribolium aitwe mbawakawa wa unga, bila kugawanywa zaidi.
(e) Teretrius nigrescens aitwe mladumuzi, wingi waladumuzi.

Huenda ikahojiwa kwamba (a) inaacha njia rahisi ya kuwaita fukusi kwa mazao, kama fukusi wa mahindi na fukusi wa mchele, ambayo ndiyo iliyofuatwa na majina ya Kilatini yenyewe. Njia hiyo haifai, kwani zeamais hula mchele na oryzae hula mahindi. Jina la zao humfanya msomaji amtambue mdudu kwa mahali alipopatikana badala ya sifa zake.

Vilevile, huenda ikahojiwa kwamba dumuzi mkubwa na dumuzi mdogo ni majina mepesi zaidi kuliko yaliyopendekezwa katika (c). Ni kweli kwamba vipimo vyao havipishani sana. Lakini katika Kiswahili vivumishi -kubwa na -dogo vinapoambatana na jina la kiumbe hueleza pia umri. Mkulima anayesoma dumuzi mdogo anaweza kuelewa kwamba ni mtoto wa dumuzi, na kwamba akingoja atakua awe mkubwa. Mkato na mviringo ni ukinzani wa umbo usiokuwa na tafsiri hiyo, na kipambanuzi mkato kinalingana na maana ya truncatus bila kuhitaji kutohoa.

Kuhusu (e), neno mladumuzi limeundwa kwa muundo uliozoeleka wa kiambishi cha mtenda, kitenzi na yambwa yake, kama katika mlanyama na mlamajani. Ubora wake ni kwamba linarudisha mtenda ambaye kauli ya kutendwa ilimwacha, na kwamba ndani ya jina lenyewe mdudu anaonekana kuwa upande wa mkulima.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa uwezo wa kubainisha mbawakawa wadogo wa nafaka. Kilikuwa na mgawanyo wake, uliojengwa juu ya tendo la kubungua, na mgawanyo huo ulitosha kwa wadudu waliokuwapo na kwa njia za udhibiti zilizokuwapo. Ulipofika mwaka 1981 hali zote mbili zilikuwa zimekwisha kubadilika. Wazungumzaji walianza kuurekebisha mgawanyo kabla ya wataalamu, kwa jina Scania, na kazi iliyobaki kwa wanaistilahi ni kuukamilisha kwa utaratibu.

Aidha, imeonekana kwamba dhana za fonolojia zinaweza kusaidia kuchagua vipambanuzi: jina lijengwe juu ya sifa iliyopo au isiyokuwapo, wala si juu ya sifa ya kadiri. Kigezo hiki kinaweza kujaribiwa katika makundi mengine, hasa kwa wadudu wa maharage na kunde. Acanthoscelides obtectus hutaga mayai yake huru katikati ya mbegu, ilhali Zabrotes subfasciatus huyagandisha juu ya mbegu, na mzungumzaji wa Kiswahili huwaita wote wawili kwa jina moja. Kabla ya kuwaundia majina mawili, mtafiti atapaswa kwanza kuuliza swali lililouongoza uchunguzi huu: je, anayehifadhi maharage atafanya nini tofauti atakapojua ni yupi kati ya wawili hao aliyemo katika gunia lake?